Grini Kadi Si Pingu

Najua kijiwe hiki kimepoa wiki tatu nzima. Mitihani ilinibana, na ile karatasi ya semina iligoma kuandikika mpaka usiku wa mwisho. Leo nimerudi na neno moja, na nina hasira nalo kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Kuna sheria inayotembea katika jamii yetu hapa Minnesota ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha sheria. Inasema hivi: ukishapeleka maombi ya grini kadi, usihame. Kaa hapo hapo. Usibadilishe nyumba, usibadilishe mji, na jimbo ndiyo kabisa usithubutu, "utalivuruga faili." Nimeisikia harusini, nimeisikia msikitini, nimeisikia jikoni watu wakikata vitunguu. Anayeisema hajui imetoka wapi, ila huisema kwa sauti ya mtu aliyeisomea.

Sasa imenifika mimi. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili North Carolina kuanzia Agosti, ada wanalipa wao, na kazi ya kusaidia kufundisha ipo. Wakati huo huo faili langu la grini kadi, kupitia kwa mume wangu ambaye ni raia, liko mezani kwa Uhamiaji (USCIS, kwa jina lao). Alama za vidole nimeshapiga, mahojiano bado. Tangu habari zienee simu yangu haitulii. Shangazi mmoja, na namwita shangazi kwa heshima zote maana ndiye aliyenipokea nilipoingia nchi hii na sanduku moja kutoka Mombasa, amenitaka niwaandikie chuo waniahirishie mwaka. "Mwanangu, shule haikimbii." Shangazi, shikamoo, lakini shule inakimbia! Ufadhili wa mwaka huu ni wa mwaka huu. Mwakani wanaugombea wengine.

Na si mimi tu. Dada mmoja wa Nyamira, muuguzi, alipata kazi Houston yenye mshahara ambao hapa angeungoja miaka. Akaambiwa asitikisike mpaka kadi itoke. Akatulia kama maji mtungini. Kadi ilipotoka, kazi ilishachukuliwa na mtu mwingine zamani, na hao waliomshauri hakuna hata mmoja aliyemchangia kodi ya nyumba.

Kwa hiyo nilifanya kile ambacho chuo kinatufundisha tufanye, nikaenda kusoma. Na nitawaambia nilichokikuta, ingawa mimi si wakili, na mwenye faili lenye mikunjo (kesi ya polisi, kukaa bila kibali, ndoa ya pili) amtafute wakili mwenye leseni kabla ya kunisikiliza mimi.

Kwanza, hakuna sheria inayokukataza kuhama jimbo wakati maombi yako yanaendelea. Hakuna. Tena hili la mgeni kukaa jimbo alitakalo lilishapiganiwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1914 watu wa Arizona walipitisha sheria kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya watano lazima asilimia 80 kati yao wawe wapiga kura au wazaliwa wa Marekani. Kulikuwa na mpishi mmoja wa mkahawa katika mji wa migodi wa Bisbee, jina lake Mike Raich, Mwaustria. Mwajiri wake akamwambia kwa sheria hii itabidi nikufukuze. Raich hakufunga virago, alikwenda mahakamani, na mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa ushindi. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: aliyeruhusiwa kihalali kuingia Marekani ameruhusiwa kuingia na kukaa katika jimbo lolote, la sivyo wageni wote wangejikuta wamesongamana kwenye yale majimbo machache yenye moyo wa kuwapokea. Mimi nampenda sana huyu mpishi. Kila nikiambiwa "usihame" namkumbuka yeye na masufuria yake.

Sheria haikutaki ukae. Inachotaka ni kujua ulipo. Kuna fomu inaitwa AR-11, na hizo herufi mbili za mwanzo ni kifupi cha usajili wa wageni. Asili yake ni sheria ya 1940, enzi za vita, ambapo kila mgeni wa miaka 14 na zaidi alitakiwa kwenda posta kujiandikisha na kuacha alama za vidole. Baadaye, chini ya sheria ya 1952, ikawa kila Januari mgeni analeta anwani yake upya, ahame asihame, na utaratibu huo ulifutwa 1981. Kilichobaki ni hiki: ukihama, una siku 10 za kuwaarifu Uhamiaji. Siku 10 tu, zinahesabiwa tangu ulipohama. Usipofanya, kitabu kinasema faini ya hadi dola 200, au jela hadi siku 30, au vyote viwili, na juu yake unaweza hata kufukuzwa nchini, isipokuwa uonyeshe kwamba ulikuwa na sababu ya maana au hukukusudia. Ukiijaza mtandaoni ni dakika chache, bure, na unabaki na uthibitisho mkononi. Yaani tunaogopa kuhama, halafu jambo dogo la dakika chache ndilo lenye jela ndani yake, na hilo hakuna anayelitaja jikoni.

Nikawauliza wenzangu watano hapa kampasi, wote wenye maombi mahali fulani, kama wanaijua AR-11. Mmoja alijua. Mwingine alidhani ni aina ya bunduki.

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kinachoua maombi ni barua ambayo hukuipata. Uhamiaji wanakupangia siku ya alama za vidole au mahojiano, barua inakwenda anwani ya zamani, wewe huonekani, na kisheria wanaweza kuhesabu kwamba umeyatelekeza maombi yako na kuyakataa. Kisha barua ya kukukataa nayo inakwenda huko huko! Watu wengi wanaamini wakishajaza karatasi ya posta ya kuhamisha barua basi wamemaliza. Hapana. Uhamiaji wenyewe wanasema wazi kwamba kubadilisha anwani posta hakubadilishi anwani kwao, na posta si lazima ikupelekee barua zao kwenye nyumba mpya.

Halafu sisi wanafunzi tuna mtego wetu wa peke yetu. Mwenye viza ya F-1 akihama anamwambia afisa wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndani ya siku 10, afisa anaiingiza SEVIS, na mwanafunzi anakwenda kulala usingizi. Kwa upande wa viza yake, kweli ametimiza. Lakini SEVIS ni daftari moja na faili la grini kadi ni daftari jingine. Unaposema na la kwanza, la pili halisikii. Na kama ombi lako ni la ndoa, yuko mtu wa pili humo ndani: mwenzi wako raia aliyeandika lile ombi la I-130. Yeye kama raia hana wajibu wa AR-11, lakini anwani yake kwenye ombi lake inabidi ibadilishwe pia, na ya kwako haiibadilishi ya kwake. Mkihama pamoja mkabadilisha moja, nusu ya barua zitawafuata na nusu zitabaki kwa mpangaji mpya.

Jambo dogo ambalo nimelipata kwa majirani: andika majina yenu yote mawili ndani ya sanduku la barua siku ile ile mnayopewa ufunguo. Mleta barua asipoona jina anaweza kuirudisha.

Sasa tuje kwenye hoja ya shangazi yenye uzito, maana sitaki kumfanya kichekesho. Anasema: mkihama, faili nalo linahamia ofisi ya huko mnakokwenda, na foleni ya huko huijui. Ni kweli. Mahojiano hufanyika kwenye ofisi inayohudumia eneo unaloishi, na faili kutoka ofisi moja hadi nyingine linaweza kuchelewa. Mimi nimeupima huo ucheleweshaji, nikauweka upande mmoja wa mizani, upande wa pili nikaweka shahada iliyolipiwa. Mizani haikusumbuka.

Kuna mtu mmoja tu ambaye kwake nakubaliana na shangazi mia kwa mia, naye ni yule aliyeshinda bahati nasibu ya viza na anamalizia mambo yake akiwa humu humu Marekani. Nambari yake ya bahati nasibu inakufa tarehe 30 Septemba ya mwaka wake wa fedha. Haihuishwi, haisogezwi, hata kama kosa la kuchelewa ni la ofisi. Huyo mwezi mmoja wa faili kusafiri unaweza kumgharimu kila kitu. Huyo na akae, ajifunge kamba kwenye kitanda ikibidi.

Sisi wengine tunangoja nini, na mpaka lini? Desemba 2025 Uhamiaji ilitangaza kusimamisha maamuzi ya maombi ya watu wa nchi 19, Burundi ikiwemo, na mwezi huo huo serikali ikatangaza kusimamisha programu yenyewe ya bahati nasibu. Januari 2026 orodha ya nchi ikarefushwa, Tanzania nayo ikaingia. Mwenzetu mmoja wa Bujumbura aliyekuwa amejiapiza kutohama mpaka kadi itoke alijikuta ghafla ameapa kutohama kwa muda usio na tarehe. Ndiyo maana nasema ushauri huu si wa tahadhari hata kidogo. Ni kumkabidhi afisa usiyemjua ufunguo wa maisha yako yote, wakati yeye aliomba anwani tu.

Swali gumu zaidi ni la ndoa, na hapa hata mimi nilikosa usingizi. Mume wangu ana mkataba wa kazi hapa mpaka Oktoba, mimi masomo yanaanza Agosti. Miezi miwili kila mtu na nyumba yake. Mjomba mmoja akatoa suluhisho lake, na najua wengi wenu mmeshalisikia: "Usiwaambie. Acha anwani ibaki hapa, barua zije kwangu, ukiitwa mahojiano unapanda ndege unakuja." Jamani! Fomu ya I-485 inauliza ulipoishi miaka mitano iliyopita. Kwenye mahojiano unaapa kwanza ndipo unaulizwa unaishi wapi. Mtu ana ndoa ya kweli, yenye mahari, picha na ugomvi wa nani aoshe vyombo, halafu anaiwekea uongo wa anwani ambao haukuhitajika hata kidogo. Uongo huo ndio unaoifanya ndoa ya halali inuke kama ya kununua.

Fomu inatofautisha unapolala na unapopokelea barua. Kama hujapata nyumba ya kudumu, barua ziende kwa mjomba, hakuna ubaya, mradi pale panapouliza unapoishi uandike unapoishi.

Na kuhusu kukaa mbalimbali kwa muda, sheria ina utu kuliko mitaa yetu. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 9 iliamua kesi ya Mkorea mmoja aitwaye Bark, ambaye ombi lake lilikataliwa kwa kuwa yeye na mkewe walitengana baada ya ndoa. Mahakama ikasema kinachoulizwa ni kama siku ya kuoana walikusudia kujenga maisha pamoja, na kwamba kutengana peke yake hakuthibitishi kuwa ndoa ni ya uongo, kwani watu hukaa mbali kwa sababu nyingi: jeshi, masomo, kazi, maradhi. Masomo yametajwa, wadau. Bila shaka afisa atauliza, na ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo tunaweka ushahidi: mkataba wa nyumba mpya una majina mawili tangu siku ya kwanza, akaunti ya benki ni ile ile ya pamoja, barua ya chuo inaonyesha tarehe ya kuanza, barua ya mwajiri wake inaonyesha tarehe ya kumaliza, na tiketi za kutembeleana tunazitunza. Nimemwambia mume wangu kwamba hata ile risiti ya godoro asiitupe. Amecheka, lakini hakuitupa.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni hiki. Watu hawa hawa wanaotetemeka kuvuka mpaka wa Iowa, ukiwaambia kuna msiba Mombasa wanakimbilia kukata tiketi. Mpaka wenye hatari ndio huo! Ukitoka nje ya Marekani wakati I-485 yako inasubiri, bila kibali cha kusafiri mkononi (kile kinachoombwa kwa fomu I-131), kwa wengi wetu maombi yanahesabiwa yametelekezwa. Wapo wachache wanaosamehewa, kama wenye viza za kazi za H na L, lakini F-1 hayumo. Kati ya Minnesota na North Carolina utapita majimbo kadhaa na hakuna hata mmoja atakayekuuliza chochote zaidi ya kama unataka kuongeza viazi. Tumeogopa mpaka wa kuchorwa kwenye ramani, tukapuuza ule wa kweli.

Mengine ni usumbufu wa kawaida. Leseni ya udereva utabadilisha, na sheria ya Real ID ya 2005 inamtambua mwenye maombi ya grini kadi yanayosubiri, ila leseni atakayopewa ni ya muda, mara nyingi mwaka mmoja. Ada ya mkaazi nayo: majimbo mengi yanataka uwe umeishi mwaka mzima kabla ya kukuhesabu wa kwao, kwa hiyo anayehama bila ufadhili apige hesabu hiyo mapema, maana saa inaanza upya. Mimi ufadhili umeniepusha nayo.

Wala msidhani kadi ikitoka ndio basi. Zile siku 10 zinaendelea kila unapohama mpaka siku utakapokuwa raia, na ukifika kuomba uraia watataka uwe umeishi angalau miezi 3 katika jimbo au wilaya ya Uhamiaji unakoombea. Mwenye tabia ya kuhama kama swala aiweke hiyo kichwani.

Sisi mpango wetu ndio huu. Mkataba wa nyumba hapa unaisha tarehe 31 Julai. Tarehe 1 Agosti mimi naingia ya North Carolina, na jioni ile ile, kabla hata ya kufungua sufuria, naketi na kompyuta nijaze AR-11 yangu na kubadilisha anwani kwenye faili. Mume wangu yeye atapanga chumba kwa rafiki yake hadi Oktoba, naye atasema hivyo hivyo kwao, chumba kwa rafiki hadi Oktoba. Shangazi nimemwandalia pilau Jumapili, nitamweleza ana kwa ana, maana mambo haya hayasemwi kwa simu. Najua ataanza na la faili, atamalizia na la nani atampikia mume wangu.

Halafu, mliopo kampasi: nahitaji maboksi ya vitabu yasiyopungua kumi, yale magumu ya dukani. Mwenye nayo ayaache chini ya ngazi za maktaba kabla ya Ijumaa, nitapita na gari.